Sikuitika

Sindano za kifua kikuu ziliniponya mapafu, zikaondoka na masikio yangu. Majirani hapa ugenini, mtaa wa Bellevue, wananiambia nishukuru Mungu niko hai. Nashukuru. Ila waache kunipungia mikono kama wanafukuza kuku!

Ningepewa ukimya ningeuzoea. Sikupewa. Kichwani mna mlio usiokatika, na ndani ya mlio huo ananiita mama yangu, aliyefariki Tanga mwaka jana. Ananiita vilevile kama nilipokuwa msichana, akivuta mwisho wa jina. Nikianika nguo, ananiita. Nikikanda unga, ananiita.

Mama huyohuyo ndiye aliyenifunza: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike, huenda si mtu. Basi nauma meno, naendelea kukanda.

Lakini kuna jambo linanitafuna. Alipokuwa mgonjwa taabani alipiga simu. Binti yangu, aliyezaliwa huku na Kiswahili chake cha kuokoteza, alimsikiliza, kisha akaniandikia kwenye karatasi: "Bibi anakuita tu. Anataka uitike." Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Sauti yangu mwenyewe nilikuwa siisikii. Nikiongea kwenye teksi watu wanageuka, najua nimepayuka. Niitike nini nisichokisikia? Binti akanisogezea simu mdomoni, nikaisukuma, nikageukia ukutani. Siku ya tatu yake mama akafariki.

Neno moja tu, jamani. Neno ambalo mtoto wa kike kwetu hulijua kabla hajajua kufunga kanga.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani naanika mashuka. Akaniita. Nikanyamaza. Akaniita tena, kwa ile sauti yake ya kuanza kukasirika. Nikasema moyoni, kama ni jini, na anichukue.

"Abee, mama!"

Sauti yangu niliisikia kooni tu, ikitetemeka. Lazima nilipiga ukelele, maana yule dada wa Kikongo wa chumba cha pili alichungulia dirishani, na binti yangu akatoka mbio, mikono imejaa povu. Akautazama ua mtupu, akanitazama mimi. Nikamsoma midomo.

"Anasemaje bibi?"

Nikatega sikio, mjinga mimi. Mlio tu.

Tangu siku hiyo hajaniita tena. Binti yangu ameniandikia kwamba bibi ameridhika. Labda. Mimi naanika nguo polepole siku hizi, moja moja, nangoja.