Soda ya Aliyekiri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kompyuta pale Ruti, mjini Mbarara, Uganda, sikuruhusiwa kugusa kompyuta. Mwenye duka alinipa brashi ya rangi nifute vumbi kwenye vitufe. Mimi, mwalimu mzima, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, Kongo!

Amri ya pili ilikuwa kali zaidi. "Ssebo, hapa hapana virusi," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya huko. "Hata kama iko, hapana sema. Kastoma natoroka." Virusi ni programu chafu zinazoingia kimyakimya, siku zile hasa kwa flashi, na kuharibu kazi za watu. Kila duka lilikuwa nazo, na kila duka lilikana.

Ndipo mafundi wa kompyuta wa Mbarara wakaunda chama, nami nikajiunga. Mwenyekiti, mama mhandisi mcheshi, aliweka desturi: kikao hakianzi mpaka mtu asimame aseme kilichompata, wenzake wajihadhari. Aliyekiri alipewa soda ya kwanza. Kwa majivuno yangu, miaka miwili sikuionja.

Baadaye nikawa msimamizi na mwalimu wa chumba cha kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Jumamosi moja nikapata barua pepe: ofisi ya kuhamishia wakimbizi ng'ambo inataka neno la siri la barua pepe yangu. Nilikuwa nimeingoja barua hiyo miaka mingi. Nikaandika mbio. Saa moja baadaye sanduku langu la barua lilinikataa. Wezi walikuwa wameshalichukua, na anwani za wanafunzi wangu zilikuwamo. Nikajua nao wataletewa barua ileile, na wana hamu kama yangu. Onyo la juujuu wasingelisikia.

Niliona aibu, lakini nikampigia Mwenyekiti. "Nimedanganywa, Madamu. Mimi mwenyewe."

Nilitarajia kicheko. "Nisimulie barua yote, neno kwa neno unavyokumbuka," alisema. "Polepole, mimi naandika."

Onyo likafika kwenye simu za wanachama wote, na kesho yake likasomwa makanisani Rubondo, mtaa wetu wa kambini: fundi mzoefu amenaswa, bila jina.

Jumatatu akaja mama mmoja, mwanafunzi wangu. "Baba, umesikia? Kuko fundi alitoa neno lake la siri! Mujinga kabisa! Lakini Mungu amubariki. Bila yeye, na mie ningeliandika ya kwangu."

"Ni mimi," nikasema. Tulicheka mpaka machozi.

Kikao kilichofuata nilisimama nikakiri, nikapewa soda ya kwanza, na sijanywa tamu kuliko ile. Sasa nimestaafu. Kijana fundi akija kuniomba ushauri, humuuliza kwanza: mara ya mwisho ulidanganywa lini, na ulimwambia nani?