Marahaba ya Bibi

Leo Kariakoo, harufu ya vitumbua vya iliki imenifanya nimwamkie shikamoo muuzaji wa rika langu.

"Dada, unanizeesha," akacheka.

Utotoni, kundi letu la maombi lilitukataza kumwamkia mtu asiyesali nasi. Mtumishi wa Mungu aliyetuongoza alisema shikamoo ni kumsujudia mwanadamu. Basi siku moja nikapita na mama pale bibi, ambaye hakusali nasi, alipokuwa akikaanga vitumbua vyake, nikanyamaza.

"We mke mwenzangu, leo umemeza ulimi?" bibi akanitania.

Mama akanibana mkono. Bibi akanisubiri mpaka vitumbua vikaungua, kisha akaitikia taratibu, kana kwamba nimemwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Jumapili, mama alipokwisha kumsimulia, mtumishi alinisimamisha mbele, kundi zima likanipigia makofi. Na nilifurahi, jamani.