Neno Nililowapa Wenye Mbwa

Rafiki yangu na mimi tulisoma udaktari wa mifugo pamoja Morogoro, tukaja Minnesota, Marekani, tukiwa vijana, tukazeekea huku. Yeye ana kliniki ya wanyama Bloomington. Mimi nimestaafu, naishi Hopkins, na namshukuru Mungu kwa magoti ambayo bado yanasujudu. Aliponiomba nifuatane naye kujitolea kwenye kisiwa kimoja cha mbali katika Pasifiki, kuwafunga uzazi mbwa waliozidi, wenzangu msikitini walinicheka.

"Shehe, mbwa tena? Utajitwaharisha mara saba kila siku?"

"Nitajitwaharisha," nikasema. "Na yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, mmemsahau?"

Kisiwani tuliweka meza ya upasuaji darasani. Siku ya kwanza hakuja mtu. Mwalimu wa shule, aliyekuwa mkalimani wetu, akatueleza kwamba watu wanaogopa: zamani walikuja wageni wakasema wanatibu mbwa, wakawaua. Rafiki yangu akanishika bega.

"Nenda wewe. Una ndevu nyeupe, na unajua kukaa na watu."

Nikaenda nyumba kwa nyumba pamoja na mwalimu. Nilivua viatu, nikaketi mkekani, nikala shelisheli la kuchoma, ladha ile ile ya kwetu Tanga. Mama mmoja mzee alikuwa na mbwa jike wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Aliniuliza mara tatu kama atarudishiwa. Nikamwapia kwa Mungu: atarudi kabla ya jua kuzama. Kesho yake foleni iliizunguka shule.

Mlangoni karani aliwagawa mbwa. Wengine waliletwa mezani kwangu, wengine walipelekwa nyuma ya darasa, nami nikadhani ni kwa ajili ya chanjo. Alasiri nilitoka kunyoosha mgongo. Nyuma palikuwa na turubai, na pembeni chupa tupu za dawa ya kuulia. Nilipolifunua, nilichotambua kwanza ni lile sikio.

Rafiki yangu hakukana. Kabla hatujaondoka Minnesota alikuwa amekubaliana na wakubwa wa kisiwa kikuu kwamba mbwa asiye na mwenyewe auawe. Mlangoni kila mtu aliulizwa, "Mwenyewe nani?" Yule mama akajibu kuwa ni wa mtaa mzima, maana kwao mbwa anayelishwa na nyumba tano ni wa nyumba tano, na kujitwalia peke yako ni kuwadharau majirani. Karani akaandika: hana mwenyewe.

"Ulijua utawaua?" nikamuuliza.

"Shehe, ningekuambia, ungekwenda kuwaomba?"

"Nisingekwenda."

"Basi."

Nilikwenda mimi mwenyewe kumwambia yule mama, mwalimu akitafsiri. Hakupiga kelele. Hakumtazama mwalimu hata mara moja, alinitazama mimi.

"Wewe ulikula kwangu," akasema.

Tuliporudi, rafiki yangu alikuja nyumbani baada ya sala ya Ijumaa, na pakiti ya tende mkononi.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilibanwa." Akanywa chai kidogo. "Na mwakani kuna kisiwa kingine. Watu wanakuamini wewe."

"Nipeleke kwanza kwa yule mama."

Akacheka. "Safari yote ile kwa ajili ya mbwa koko?"

Nilisubiri kicheko kiishe. Subira Mungu amenijalia, namshukuru. Nikamwambia, "Haki yangu nimekusamehe. Haki ya yule mama si yangu, siwezi kukusamehe. Na mimi mwenyewe ninadaiwa naye, maana mdomo ulioapa ni wangu."

Alitafuta funguo za gari, akaenda zake nyumbani kwake, mji wa Savage.

Bado tunasali safu moja, bega kwa bega, na salamu yake naiitikia. Lakini siku hizi akiniomba jambo, hata dogo, kwanza namuuliza ni lipi ambalo hajaniambia.