Chafya ya Mtoto wa Fundi wa Upepo

Zamani baba alisubiri jina la mwanawe nje ya nyumba, akichunga ng'ombe. Siku hizi Kipngetich, mwana wa marehemu ndugu yangu, hulisubiri baharini, juu ya mnara wa chuma.

Alikuja huku ughaibuni, Germantown, kwa kazi ya kuosha na kutunza wazee, akachoka kukaa ndani ya kuta, akajifunza ufundi wa mitambo ya upepo. Sasa hulala melini majuma mawili, mbali na pwani ya Virginia, kisha hukaa nyumbani majuma mawili. Meli husogea kwenye mnara na kunyoosha daraja, na mafundi huvuka kwa miguu, spana mkononi. Mawimbi yakizidi, daraja halinyooshwi. Mtu wa Nandi, asiyejua hata kuogelea! Nilimwambia hivyo, akacheka.

Mtoto alipofikisha wiki tatu, mama yake, Cherono, alitaka apewe jina kwa desturi: marehemu wa ukoo wa baba hutajwa mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Kazi hiyo ilikuwa ya akina nyanya. Hapa nyanya hayuko, na vijana wanajua majina ya wachezaji wa mpira tu. Nikabaki mimi.

Kipngetich aliahidi kufika saa sita mchana. Saa nane hajaonekana. Mawimbi yalikuwa yamewachelewesha.

"Tumpigie video aone," akasema Bilha, jirani yetu aliye nesi.

"Marehemu hawaitwi kwa simu," nikamjibu, nikaanza.

Nikataja kumi na wanane. Mtoto alinitazama tu.

"Mzee, umemaliza makaburi yote," Bilha akasema.

"Lete ugoro nimnusishe kidogo."

"Ugoro? Mtoto wa wiki tatu, na mimi nesi nimekaa hapa? Jaribu uone!"

Cherono hakucheka. Alimfunika mtoto vizuri. "Kwa hiyo hakuna anayemtaka?"

Hapo mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na Kipngetich nyuma yake, bado na ovaroli, ananuka grisi.

"Nisamehe, baba mkubwa. Bahari ilikataa."

"Hata Arap Talam angefika kabla yako!" nikafoka.

Mtoto akapiga chafya.

Arap Talam, marehemu babu yangu, nilikuwa nimemruka makusudi. Aliogopa maji hata akakataa kuvuka mto siku ya harusi yake, ikabidi bibi arusi avushwe kumfuata.

"Ni baridi ya mlango," nikasema.

"Umemtaja, amechemua," akasema Cherono. "Desturi ni yako, mzee." Akapiga kigelegele, Bilha akakipokea, na Kipngetich akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mwoga wa mto! Huyu nitampeleka baharini mwenyewe."

Mara ya mwisho niliwaona wakihamia karibu na bandari, gari limejaa masanduku. Kipngetich akashusha kioo ili mtoto aniage. Mtoto akapiga chafya tena. Nikavua kofia, maana kwa ukoo yeye ndiye mkubwa wangu.

"Nenda salama, babu," nikamwambia.