Siku Nilipomlaumu Fundi wa Maji

Miaka ya sabini, kijiji chetu karibu na Chakol kilichota maji mtoni pamoja na ng'ombe, na watoto wetu walikuwa wakiharisha. Ndipo fundi Okiring akatuletea maji ya mfereji.

Siku ya kufungua, mimi mwenyekiti wa kamati nilizungusha mfereji mbele ya watu wote. Maji hayakutoka.

"Mzee, umetudanganya," nikamwambia fundi.

Akapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, na mara maji meupe yakamwagika mferejini. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikafuta machozi.

Fundi akarudi, akauliza, "Nani alifunga koki ya tangi?"

Mke wangu akajibu, "Ni mwenyekiti. Jana aliogopa maji yataisha kabla ya sherehe, na leo akasahau kuifungua."

Fundi akakinga kikombe cha kwanza, akanipa mimi.