Mfupa Kwenye Kaakaa

Nasema ukweli, neno kichaa cha mbwa nilianza kulitaja mimi. Jirani alichukua rungu kwa sababu alinisikia, kwa hiyo lawama isimwangukie yeye peke yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaanga mgongo wazi pale mtaani Obunga, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Vipande vilivyovunjika nilimpa mbwa wetu. Nilidhani namtunza. Siku moja akakataa kula, mdomo wazi, mate yakimchuruzika, anajikwaruza uso kwa miguu. Nikamfunga kamba, nikapiga kelele kwamba ana kichaa.

"Mama, tummalize mapema," jirani alisema. Mtoto wake alishawahi kuumwa na mbwa. Alikuwa na sababu ya kuogopa.

Mama mkwe wangu akatoka ndani polepole. Yeye ni wa wale waliong'olewa meno sita ya chini ujanani, kama ilivyokuwa desturi yetu.

"Ngojeni. Jino likiniuma, mimi hujishika shavu hivyo hivyo."

"Mama, na hayo meno nusu?" jirani akamuuliza.

"Ndiyo maana najua. Yako bado hayajakufundisha kitu."

Lakini hakuruhusu mtu amguse mbwa. Aitwe daktari wa mifugo kwanza. Ikiwa ni kichaa kweli, rungu lipo tu.

Daktari alikuja kwa baiskeli kutoka Kondele. Akavaa glavu nene, akauliza cheti cha chanjo. Nilikuwa nacho kwenye mkebe wa majani chai! Mpaka leo sijui kwa nini sikukikumbuka. Akamulika tochi: mfupa umekwama kwenye kaakaa, kati ya magego ya huku na huku. Akauvuta kwa koleo. Mbwa alilia mara moja, kisha akafunga mdomo. Kufunga mdomo tu, nami nikalia.

"Nani alimpa mifupa?" daktari akauliza.

"Ni mimi."

Tangu hapo kila jioni nilimkagua mdomo na kumfuta meno kwa kitambaa chenye maji, mama mkwe akimshika kichwa. Watu walicheka, eti Obunga mbwa anapiga mswaki, na jirani alicheka kuliko wote. Halafu Jumapili moja, baada ya kanisa, akaja na mbwa wake, bila rungu.

"Mama, angalia na huyu. Ananuka mdomo."

Nikamwambia mimi si daktari, naweza kukosea tena. Alichuchumaa na suti yake ya kanisani, akamshika mbwa kichwa, akasubiri nilete kitambaa.