Kitambaa cha Wakopti kimezibwa matundu Tunduma

Jamani, leo kitambaa cha miaka zaidi ya elfu moja kimekarabatiwa hapa hapa Tunduma.

Ni picha tu, lakini bado nina hasira.

Nilipata picha ya kipande cha nguo ya Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri. Chenyewe kipo makumbusho Ulaya, kimechanika, kina matundu, na katikati amefumwa sungura. Nikampa Baba Neema wa studio anichapie kubwa, nifundishie historia Kidato cha Kwanza.

Mchana naifuata, matundu hayapo. Kingo zimenyooka. Nyuma kaweka bluu kama picha ya pasipoti.

"Madam, kilikuwa kimechakaa. Nikaona aibu kukupa vile."

Niambieni, mngemjibu nini hapo?

Nikaomba ile ya mwanzo. Kwenye flashi ameshaifuta. Akanionyesha ukutani: kazibandika zote mbili, wateja waone ufundi wake. Moja kaiandika KABLA, nyingine BAADA.

Sawa. Kesho naleta darasa zima studio kwake, tusome ile ya KABLA.

Na Baba Neema atakaa benchi la mbele.